Machicha ya Tufaha

Mpishi wa pwani aliyewahi kuloweka ukwaju anaujua ule uzito unaobaki kwenye bakuli kokwa zikishatolewa: si maji tena, na uji haujawa. Mwaka 1790 mkemia Mfaransa Louis Nicolas Vauquelin aliuchunguza ukwaju huohuo, akaandika kuhusu kitu chenye kuganda alichokikuta ndani yake. Jina la kitu hicho lilisubiri hadi mwaka 1825, pale Henri Braconnot wa mji wa Nancy alipokikuta tena katika matunda na mizizi kadha wa kadha, akakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya kuganda. Hiyo ndiyo pektini, saruji inayoshikanisha seli za mimea, na ndiyo inayofanya jamu isimwagike kutoka kwenye kipande cha mkate.

Kwa muda mrefu ilibaki kuwa jambo la vitabu vya kemia na la wapika jamu, ambao bila kujua kemia yoyote walijua kwamba tufaha na limau huganda upesi, ilhali stroberi hukaidi. Kilichoitoa jikoni ni tatizo la takataka. Viwanda vya juisi ya tufaha nchini Ujerumani vilikuwa vikikamua tani kwa tani za matunda, na baada ya kukamua yalibaki machicha: maganda, mbegu, na nyama iliyokwisha utamu. Mama anayekuna nazi huwatupia kuku machicha yake, habari ikaisha. Mwenye kiwanda hana kuku wa kutosha. Machicha ya tufaha huchacha haraka, hunuka, huvuta nzi, na kuyakausha ili yawe chakula cha mifugo hugharimu makaa ya mawe. Lakini yakikaushwa, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake ni pektini. Maganda ya malimau na machungwa huzidi hapo: asilimia 20 hadi 30.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walianza kuyachemsha machicha hayo na kuuza maji yake mazito kwa watengeneza jamu. Marekani, Robert Douglas alipata hataza ya kazi kama hiyo mwaka 1913, na huko Corona, California, wakulima wa malimau wakajenga kiwanda cha kutumia matunda yaliyokataliwa sokoni. Njia yenyewe haijabadilika sana tangu hapo. Maganda hutiwa katika maji moto yenye asidi, maji huchujwa, kisha humiminiwa spiriti; papo hapo pektini hujitenga na kuelea kama nyuzi za mlenda. Hukamuliwa, hukaushwa, husagwa kuwa unga mweupe usio na harufu. Mwaka 1948 kiwanda cha namna hiyo kilianza katika Lille Skensved, kijiji cha Denmark kisichoota mchungwa hata mmoja, na maganda yake makavu yanaletwa kwa meli kutoka Amerika ya Kusini.

Waganga nao walikuwa wameanza kuitumia, ingawa wa kwanza hawakujua wanachotumia. Mwaka 1908 daktari wa watoto Ernst Moro aliwapa watoto waliokuwa wakiharisha supu ya karoti: nusu kilo ya karoti, maji lita moja, kuchemsha kwa saa nzima na zaidi, kuponda, na chumvi kidogo. Baadaye, akiwa Heidelberg, akaeleza tiba ya tufaha mbichi zilizokwaruzwa. Miaka mingi baada yake watafiti walieleza kwamba karoti ikichemshwa muda mrefu, pektini yake hukatika vipande vidogo vinavyowazuia bakteria wasinate kwenye ukuta wa utumbo. Mwaka 1936 kampuni ya Upjohn ya Michigan iliichanganya pektini na udongo mweupe wa kaolini, ikauza dawa ya kuharisha iliyoitwa Kaopectate. Vizazi viwili vya watoto wa Marekani viliinywa kwa kijiko.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoipa pektini mtihani wake mgumu.

Askari aliyepoteza damu nyingi hafi kwa kukosa chembe nyekundu peke yake. Hufa kwa sababu mishipa imebaki mitupu na moyo hauna cha kusukuma. Maji ya chumvi hayasaidii kwa muda mrefu, maana huvuja upesi kutoka mishipani. Kinahitajika kitu kizito kinachoyashika maji. Katika Vita Kuu ya Kwanza mwanafiziolojia Mwingereza William Bayliss alipendekeza sandarusi ya mgunga, ileile inayokusanywa Sudan, iyeyushwe na kutiwa mshipani. Ilijaza mishipa kweli, ila mwili haukuwa na namna ya kuivunja, na ikaonekana kwamba inajirundika ndani ya ini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Frank Hartman na wenzake wa Hospitali ya Henry Ford, Detroit, walijaribu pektini badala yake. Rahisi, tele, na ilishika maji kwa ustadi uleule inaoonyesha ndani ya jamu. Ikatiwa wagonjwa kwa dripu.

Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kuoza si sifa ya kitu peke yake. Pektini iliyotupwa shambani huliwa na kuvu na bakteria kwa siku chache. Iliyomezwa hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kuguswa, hadi ikifika utumbo mpana, ambako vijidudu vinaishambulia na kuimaliza. Lakini damu ya mtu mwenye afya haina vijidudu, na mwili wa binadamu wenyewe hautengenezi kimeng'enya cha kuikata. Mwaka 1945 Hans Popper na wenzake wa Chicago walichapisha mabadiliko waliyoyaona kwa hadubini katika tishu za watu waliopewa pektini. Kitu kinachooza upesi jalalani kilikuwa kimekosa mlaji ndani ya mtu. Pektini ikaondoka mishipani.

Aliyeichukua nafasi yake alitoka katika uchafu wa kiwanda kingine, na huyu hata hakuwa makapi; alikuwa maradhi. Wenye viwanda vya sukari wanaujua utelezi unaojitokeza miwa ikichelewa kusagwa au maji ya viazisukari yakikaa: bakteria aitwaye Leuconostoc hugeuza sukari kuwa ute unaoziba vichujio na kusimamisha kazi. Ute huo ulipewa jina la dekstrani katika karne ya 19, na kwa miongo mingi kilichotafutwa ni namna ya kuuangamiza. Huko Uppsala, Uswidi, Björn Ingelman alikuwa akiuchunguza kwa ajili ya viwanda vya sukari, na daktari Anders Grönwall akaona kwamba ungeweza kujazia damu. Walikata molekuli zake kwa asidi mpaka zikafikia ukubwa unaofaa, nao mwili, kupitia ini na wengu, ukaweza kuzivunja polepole hadi zikawa glukosi. Kampuni ya Pharmacia iliuza dripu hiyo kwa jina la Macrodex kuanzia mwaka 1947. Baadaye mzio uliowapata baadhi ya wagonjwa uliipunguzia sifa, lakini kwa miaka mingi uchafu wa kiwanda cha sukari ulilala kwenye chupa zilizoning'inia juu ya vitanda vya hospitali.

Pektini nayo ilipata kazi nje ya mwili. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Rupert Turnbull wa Cleveland Clinic alimwajiri Norma Gill, mgonjwa wake wa zamani, awasaidie watu wanaoishi na tundu la haja lililofunguliwa tumboni. Mateso yao makubwa yalikuwa ngozi: maji ya utumbo yaliiunguza kama moto. Walitumia sandarusi ya karaya kutoka India, iliyokuwa ikishikiza meno bandia. Kisha, katika miaka ya 1960, kampuni ya Squibb ilitengeneza gundi ya vidonda vya kinywani kwa pektini, jelatini na selulosi, na gundi hiyo, kwa kuwa inanata hata penye majimaji, ikahama kutoka mdomoni kwenda tumboni. Mwaka 1962 George Winter alikuwa ameonyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kilichofunikwa kikabaki na unyevu hufunga upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Mafundisho ya bibi kuhusu kukianika kidonda juani yalianza kutiliwa shaka. Kufikia miaka ya 1980 mchanganyiko uleule ulikuwa umekuwa plasta: inafyonza maji ya kidonda, inageuka ute, inakaa siku kadhaa bila kubanduliwa. Wauguzi hulazimika kuwatahadharisha ndugu wa mgonjwa, maana plasta ikifunguliwa ute huo wa manjano hufanana sana na usaha, na harufu yake haisaidii. Huoshwa kwa maji, na chini yake huonekana nyama mpya.

Tufaha lenyewe lilirudi maabara mwaka 2014. Andrew Pelling na wanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Ottawa walikata vipande vya tufaha, wakaviosha kwa sabuni mpaka seli zote zikatoka na kubaki kiunzi cha selulosi, kisha wakapanda humo seli za wanyama; zikaota. Miaka miwili baadaye walieleza jinsi walivyovizika viunzi hivyo chini ya ngozi ya panya. Mwili wa panya, kama wa mtu, hauna kimeng'enya cha kuvunja selulosi, na safari hii hilo ndilo walilolitaka. Baada ya wiki nane vipande vya tufaha vilikuwa bado vipo, na mishipa ya damu ya panya ilikuwa imepenya ndani yake.