Pafu la Gilmore, Sigara za Graham

Mwaka wa 1919, mjini St. Louis nchini Marekani, profesa wa tiba aitwaye George Dock aliwaita wanafunzi wake wa udaktari waje waone maiti ikipasuliwa. Marehemu alikuwa ameuawa na saratani ya mapafu. Dock aliwaambia watazame vizuri, maana ugonjwa wenyewe ulikuwa adimu kiasi kwamba huenda wasiuone tena maisha yao yote. Mmoja wa wanafunzi wale, Alton Ochsner, alikaa miaka kumi na saba bila kuuona. Halafu mwaka wa 1936, akiwa sasa daktari mpasuaji kule New Orleans, akapata wagonjwa tisa ndani ya miezi sita.

Tisa! Wote wanaume, wote wavutaji wa sigara, na wote walikuwa wameanza kuvuta wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ochsner akaanza kusema waziwazi kwamba sigara ndiyo inayoua. Madaktari wengi walimwona kama mtu aliyepandwa na wazimu wa jambo moja, na kati ya waliomkejeli alikuwamo mkubwa wao, Evarts Graham. Inasimuliwa kwamba Ochsner alipomwonyesha jinsi mauzo ya sigara yalivyopanda sambamba na saratani, Graham alimjibu kwamba hata mauzo ya soksi za nailoni yamepanda vilevile. Graham mwenyewe alikuwa mvutaji, tena si wa mchezo.

Hadithi ya huyu Graham ndiyo ninayotaka tuitazame, kwa sababu ndani yake mna mtu aliyejenga tiba ya saratani ya mapafu kwa kisu chake, na baadaye akalazimika kukubali kwamba chanzo cha ugonjwa alikuwa amekishika kati ya vidole vyake miaka yote hiyo.

Alizaliwa Chicago mwaka wa 1883, mtoto wa daktari. Mwaka wa 1918 jeshi la Marekani lilimweka katika tume ya kuchunguza janga lililokuwa likimaliza askari makambini. Vijana walikuwa wakipata nimonia, kisha usaha unajaa kifuani, kati ya pafu na mbavu. Kanuni ya wakati ule ilikuwa rahisi: ukiona usaha, pasua, utoe. Basi walikuwa wakipasuliwa upesi, na wakifa upesi. Katika kambi kadhaa walikufa takriban 30 kati ya kila 100.

Graham alifanya majaribio kwa mbwa na akaeleza kwa nini. Mwanzoni majimaji yale bado ni mepesi na pafu halijashikamana na ukuta wa kifua. Ukifungua tundu wakati huo, hewa inaingia, pafu linasinyaa, na mgonjwa ambaye tayari anahema kwa shida anakosa pumzi kabisa. Alichopendekeza ni kuyafyonza majimaji kwa sindano kwanza, kusubiri usaha ugande, kisha ndipo kifua kifunguliwe. Vifo vikashuka hadi chini ya 10 kwa 100. Hebu fikiria: wakubwa wa upasuaji wamekuwa wakifanya jambo kwa nia njema, halafu kijana anakuja na mbwa wake na hesabu zake, anawaambia haraka yao ndiyo inayoua. Mtu wa aina hiyo ungetarajia awe mwepesi wa kusikiliza hesabu za wengine. Tutaona.

Mwaka wa 1919, mwaka uleule wa maiti ya Dock, Graham alipewa uongozi wa idara ya upasuaji katika Chuo Kikuu cha Washington, hapohapo St. Louis. Yeye na mwenzake Warren Cole walibuni njia ya kuona kibofu cha nyongo kwa eksirei, kazi ambayo peke yake ingetosha kumpa jina. Lakini moyo wake ulikuwa kifuani, na kifua kilikuwa nchi ya hatari. Mtu aliyepatwa na saratani ya mapafu aliambiwa tu arudi nyumbani.

Mapema mwaka wa 1933 alikuja mgonjwa kutoka Pittsburgh, Dk. James Gilmore, mwenye umri wa miaka 48, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazalisha akina mama. Alikuwa na uvimbe wa saratani katika pafu la kushoto. Graham alimweleza kwamba angejaribu kukata sehemu ya juu ya pafu hilo. Gilmore akaomba arudi kwao kwanza. Huko alifanya mambo mawili: alikwenda kwa daktari wa meno akazibwa meno yaliyooza, na akanunua kiwanja cha kaburi. Mimi hapo huwa nasimama. Meno ni ya mtu anayetarajia kula, kaburi ni la mtu anayejua hesabu.

Tarehe 5 Aprili 1933 alilazwa mezani. Kifua kilipofunguliwa, Graham aliona kwamba mpango wake haufai. Uvimbe ulikuwa umekaribia mno bomba kuu la hewa, na kukata sehemu tu kungeacha saratani ndani. Ama afunge na kumrudisha mgonjwa akafe, ama atoe pafu lote kwa mara moja, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya kwa mgonjwa wa saratani akapona. Miaka miwili kabla, Rudolf Nissen kule Berlin alikuwa ametoa pafu zima la msichana, lakini huyo hakuwa na saratani, na kazi ilifanywa kwa awamu.

Chumbani alikuwamo daktari rafiki wa Gilmore. Graham akashauriana naye, kisha akaubana mshipa mkubwa wa damu unaoingia katika pafu ili aone kama moyo utastahimili. Ulistahimili. Akafunga shina lote la pafu kwa uzi, akakata, akalitoa. Kilichobaki ni uwazi mkubwa kifuani, na yeye aliogopa usaha ungejaa humo, maana askari wa 1918 hakuwa amewasahau. Kwa hiyo akatoa na mbavu saba, ili ukuta wa kifua uanguke ndani na kuziba pengo. Gilmore alikaa hospitalini zaidi ya miezi miwili, kisha akarudi Pittsburgh na kuendelea kuzalisha.

Habari ikasambaa duniani. Saratani ya mapafu sasa ilikuwa na tiba! Ila tiba yenyewe iliwafaa wachache tu. Hata leo kisu husaidia pale uvimbe ungali mdogo na haujasambaa, na wagonjwa wengi hufika wakiwa wamechelewa. Hapa kwetu Kenya wanachelewa hata zaidi, kwa sababu kikohozi kisichoisha hudhaniwa kuwa kifua kikuu, mtu anameza dawa za TB miezi na miezi huku uvimbe unakua.

Graham aliendelea kupasua, na kila mwaka vifua vya kupasua vikaongezeka. Kisha akatokea mwanafunzi msumbufu. Ernst Wynder alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1922, familia yake ikawakimbia Wanazi, naye akaishia kusomea udaktari chuoni kwa Graham. Akiwa likizoni New York aliona maiti ya mtu aliyekufa kwa saratani ya mapafu, akamuuliza mjane kuhusu maisha ya mumewe. Mjane akasema mume alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku. Wynder akarudi St. Louis na ombi: aruhusiwe kuwahoji wagonjwa wa profesa kuhusu sigara.

Graham hakuamini kitu hapo. Angeweza kumfukuza kijana, na nani angeuliza? Lakini alimruhusu, akamfungulia milango ya wodi, akaweka na jina lake kwenye kazi yenyewe. Kwangu hili ni kubwa kuliko lile pafu. Kumpa mtu nafasi ya kuthibitisha unachokubali ni rahisi. Graham alimpa kijana nafasi ya kuthibitisha kwamba yeye Graham amekosea.

Matokeo yalichapishwa Mei 1950 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Walikuwa wagonjwa 684. Kati ya wanaume waliokuwa na aina za saratani ya mapafu zilizochunguzwa zaidi, 605 kwa idadi, asilimia 96.5 walikuwa wamevuta kwa miaka mingi, kuanzia kiwango cha juu kidogo hadi cha kuunganisha sigara kwa sigara. Miongoni mwa wanaume wengine waliolazwa bila saratani, waliovuta hivyo walikuwa asilimia 73.7. Angalia hiyo namba ya pili vizuri. Karibu robo tatu ya wanaume wa kawaida walivuta kiasi hicho, na ndiyo maana sigara ilijificha muda mrefu: kitu kilichozagaa kila mahali hakuna anayekishuku. Septemba mwaka huohuo, Richard Doll na Austin Bradford Hill wakachapisha London utafiti uliofika mahali palepale.

Wapinzani wakasema takwimu si ushahidi. Graham alistaafu ukuu wa idara mwaka wa 1951 lakini akabaki maabara pamoja na Wynder na Adele Croninger. Mashine ikawa inavuta sigara, lami yake inakusanywa, kisha wanaipaka migongoni mwa panya walionyolewa. Mwishoni mwa 1953 walitangaza kwamba 44 kati ya kila panya 100 walipata saratani ya ngozi. Waliopakwa kiyeyushio kitupu, hakuna hata mmoja.

Desemba hiyohiyo wakuu wa kampuni za tumbaku walikutana katika hoteli moja New York, na Januari 1954 wakalipia tangazo katika magazeti zaidi ya 400 wakiahidi kujali afya ya wateja na kugharimia utafiti. Mashaka yakawa bidhaa mpya, yakauzwa kwa miongo. Sheria yetu ya kudhibiti tumbaku ilikuja mwaka wa 2007. Inakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya kumi, lakini nenda kioski chochote ukaulize fegi moja.

Graham mwenyewe aliacha kuvuta mapema miaka ya 1950. Hakungoja panya wamalize kufa. Hesabu za Wynder zilimtosha.

Mapema mwaka wa 1957 alijihisi kama ana mafua makali. Eksirei ikaonyesha saratani katika mapafu yote mawili. Hapakuwa na la kukata, na yeye alijua kuliko mtu yeyote duniani kwa nini. Walijaribu dawa iliyotokana na gesi ya haradali ya vitani, haikufua dafu. Alimwandikia Ochsner, yuleyule aliyemtania kwa soksi, akimweleza kwamba alikuwa ameacha sigara zaidi ya miaka mitano iliyopita, na kwamba ugonjwa ulimnyemelea kama mwizi wa usiku. Alifariki tarehe 4 Machi 1957, zikiwa zimebaki wiki mbili atimize miaka 74.

Gilmore alikuwa hai, na pafu lake moja. Kile kiwanja cha kaburi alichokinunua mwaka wa 1933 kilimsubiri hadi 1963.