Walimu wa Pietà

Mtoto aliyeletwa Pietà hakupitishwa mlangoni. Ukutani palikuwa na kidirisha chenye sanduku la kuenea kichanga tu. Aliyemleta alimlaza humo akaenda zake bila kuonekana uso. Ndani walimpokea wakamwandika daftarini, yeye pamoja na chochote alichoachwa nacho: nusu ya medali, nusu ya karata, kipande cha picha iliyochanwa, ili mama akijaliwa kurudi alete nusu ya pili na vipande vioane. Kisha mtoto alichomwa mwilini alama ya herufi P. Jina alipewa moja tu, la ubatizo. Ubini hakuwa nao.

Nyumba hiyo ilianzishwa Venisi mwaka 1346 na mtawa Mfransisko, Pietro wa Assisi, kwa ajili ya watoto wa kuokotwa. Baadaye ikahesabiwa kati ya nyumba nne kubwa za hifadhi za mji huo, pamoja na Mendicanti ya ombaomba, Incurabili ya wagonjwa wasiopona, na Derelitti, ambayo wenyeji waliiita Ospedaletto. Wavulana walifundishwa kazi za mikono wakatoka kujitegemea. Wasichana walibaki. Wengi wao walishona, walifuma na kutengeneza lesi, na hao waliitwa figlie di comun, mabinti wa kawaida. Wachache walioonekana wana sikio zuri walitiwa kwenye muziki wakaitwa figlie di coro, mabinti wa kwaya. Katika karne ya 18 Pietà ilikuwa na watu kwa mamia, lakini kwaya yenyewe, waimbaji na wapigaji wote pamoja, ilikuwa ya watu kama arobaini hadi sitini.

Ukiitaja Pietà leo mbele ya mpenzi wa muziki, atakujibu Vivaldi. Hajakosea. Antonio Vivaldi, padri kijana, aliajiriwa huko Septemba 1703 kufundisha fidla kwa dukati 60 kwa mwaka. Lakini tazama mwenendo wa ajira yake. Ajira ya mwalimu wa kutoka nje ilikuwa chini ya kura ya wadhamini wa nyumba. Mwaka 1709 kura zikamwangusha. Mwaka 1711 akarudishwa, 1716 akapandishwa cheo kuwa kiongozi wa maonyesho, 1723 wakapatana naye alete konseto mbili kila mwezi na alipwe sekini moja kwa kila moja. Mwaka 1735 akaajiriwa upya. 1738 wakamwacha tena. Mtu wa kuja na kuondoka namna hii, leo yuko Mantova, kesho Roma, hawezi kuwa ndiye aliyekaa na mtoto wa miaka minane asubuhi baada ya asubuhi akimwelekeza kidole kiguse wapi.

Waliokaa naye ni wanawake waliolelewa humo humo. Walimu wa kiume, yaani mkuu wa kwaya na wachache wa ala, waliwanoa waliokwisha kuiva. Mtoto anayeanza kusoma nota alikuwa mikononi mwa maestra, na maestra huyo naye miaka ishirini nyuma alikuwa mtoto wa kidirishani, amefundishwa na mwingine wa namna hiyo hiyo. Hakuna aliyeitwa maestra kwa kuwa anapiga vizuri tu. Kufundisha kulikuwa daraja lililopandwa, baada ya miaka ya kujifunza na miaka ya kutumbuiza. Walioendelea zaidi waliruhusiwa kupokea wanafunzi wa kulipa kutoka nje, mabinti wa matajiri, na sehemu ya ada ikawa yao. Kwa mwanamke asiye na baba wala mume katika Venisi ya wakati ule, fedha ya jasho lake mwenyewe haikuwa jambo dogo.

Kwa kuwa hawakuwa na ubini, kazi ndiyo iliyowapa jina la pili. Madaftari na nota zimejaa akina Anna Maria dal Violin, Pelegrina dall'Oboe, Prudenza dal Contralto, hata Anneta dal Basso. Naam, besi. Kwaya iliimba sauti zote nne na mwanamume hakuwamo, na wataalamu mpaka sasa wanabishana zile sauti za chini ziliimbwa vipi: kuna wanaosema wanawake wachache walizifikia kweli, wengine wanasema zilipandishwa juu na ala zikajaza pengo la chini. Mwaka 1716 Vivaldi aliwatungia oratorio ya *Juditha triumphans*, na Holofernes, jemadari mzima wa vita, aliimbwa na msichana wa Pietà.

Wadhamini hawakufanya haya kwa upole wa moyo peke yake. Viti vya kanisani vilikodishwa, na matajiri waliosikiliza Jumapili waliikumbuka nyumba katika wasia zao. Kupiga makofi kanisani kulikatazwa, kwa hiyo waliofurahi walikohoa, wakapenga kamasi na kuburuza viti. Wasichana wenyewe walikaa juu, nyuma ya wavu wa chuma, wakaonekana kama vivuli. Mfaransa Charles de Brosses, aliyefika 1739, aliandika jinsi mmoja wao alivyosimama amevaa nyeupe, shada la maua ya komamanga limechomekwa sikioni, akiongoza okestra kwa kupigapiga mapigo yake.

Mgeni aliyesumbuliwa zaidi na wavu ule ni Jean-Jacques Rousseau, aliyekuwa katibu wa balozi wa Ufaransa huko mwaka 1743 na 1744. Alikuwa akienda Mendicanti kusikiliza, na kwa sauti zile akajijengea kichwani kundi la malaika. Rafiki yake mmoja, mdhamini wa nyumba hiyo, akamwalika ale chakula na waimbaji hao. Rousseau anasimulia alivyotambulishwa: huyu sura mbaya, huyu chongo, huyu kaharibiwa na ndui. Akaishiwa nguvu. Walipokaa mezani wakachangamka, na alipoondoka alikuwa amewapenda karibu wote. Kisa kinachekesha, lakini mimi hunikera. Anawasifu mabwana wakubwa wa Italia waliotunga na kuongoza. Wanawake waliofundisha hawamo kabisa. Anadai pia kwamba katika nyumba hizi hakuna mwimbaji aliyezidi miaka ishirini. Wakati yeye yuko Venisi, Anna Maria wa Pietà alikuwa anaelekea hamsini na yuko kazini.

Huyu Anna Maria alizaliwa karibu na 1696. Alipiga fidla, viola d'amore, chelo, mandolini, luti na kinanda. Vivaldi alimtungia konseto nyingi, na ukizisoma unaona hakumhurumia: vidole vinapanda shingo ya fidla mpaka mahali ambapo wapigaji wengi wa siku zile hawakuwa na haja ya kufika. Kufikia 1737 alikuwa mwalimu wa fidla na wa kwaya. Vivaldi alifia Vienna mwaka 1741, akazikwa kimaskini. Anna Maria aliendelea kuishi ndani ya nyumba ile ile mpaka 1782.

Aliyetaka kutoka aliweza kuolewa au kuingia utawa. Nyumba ilimpa mahari ya kwenda nayo kwa mume, kama desturi ya huko ilivyotaka upande wa bibi arusi, lakini alifungwa na ahadi kwamba hatatumbuiza tena hadharani. Wadhamini hawakutaka muziki walioulea uuzwe na wengine. Ndiyo sababu safari ya Maddalena Lombardini ilikuwa ya ajabu.

Maddalena alizaliwa 1745, hakuwa wa kuokotwa; wazazi wake walikuwa wa ukoo wa heshima uliofilisika, wakamtia Mendicanti akiwa na miaka saba. Mkono wake ulionekana mapema, hata akaruhusiwa kwenda Padua kwa Giuseppe Tartini, mwalimu wa fidla aliyefuatwa na wanafunzi kutoka nchi nyingi. Tarehe 5 Machi 1760 Tartini, ambaye hakuweza kuwa naye wakati huo, alimwandikia barua yenye somo zima.

Barua hiyo ipo, na ndiyo inayotuonyesha kwa karibu kuliko kitu kingine jinsi mkono wa mpigaji ulivyofinyangwa. Tartini hagusi mkono wa kushoto kwanza. Anaanza na upinde. Sauti ya kwanza, anasema, izaliwe kama pumzi na si kama pigo: upinde utue mwepesi, uanze kusukumwa mara tu ulipogusa, ndipo uzito uongezwe. Msichana achukue uzi mtupu, bila kidole, aanze kwa sauti isiyosikika vizuri, aikuze kidogo kidogo mpaka ivume, upinde ukishuka na ukipanda vilevile. Afanye hivyo saa nzima kwa siku, lakini asiifanye kwa mkupuo. Kidogo asubuhi, kidogo jioni. Kisha achukue kipande cha haraka cha mtunzi Corelli, apige kila nota imekatwa na mwenzake, kwanza kwa ncha ya upinde, halafu kati ya ncha na katikati, halafu katikati penyewe. Baada ya hapo mkono wa kushoto: achukue sehemu yoyote ya fidla aipige yote bila kuurudisha mkono mahali pake pa kawaida, mpaka mkono uache kuogopa. Mwisho ni mtetemo wa nota mbili, pole, wastani, kasi, pasipo kuonekana mahali mwendo ulipobadilika. Hakuna neno moja la kipaji humo.

Mwaka 1767, akiwa amefuzu daraja la maestra, Maddalena aliolewa na mpiga fidla Ludovico Sirmen. Badala ya kunyamaza alipanda jukwaani Paris mwaka 1768, na London mwaka 1771, akipiga konseto alizozitunga mwenyewe. Barua ya Tartini ilichapwa Italia mwaka 1770, mwaka aliofariki, na mwaka uliofuata Mwingereza Charles Burney akaitoa kwa Kiingereza. Somo la msichana wa nyumba ya hifadhi likawa somo la wapiga fidla wa Ulaya.

Burney mwenyewe alikuwa amefika Venisi mwaka 1770 na kukaribishwa Mendicanti, upande wa ndani, pasipo wavu. Alishangaa kuona wanawake wanapiga kila kitu, mpaka baragumu za shaba na besi kubwa la kusimama, na mama mmoja mtu mzima akisimamia yote.

Kilichoziangusha nyumba hizi ni deni. Incurabili ilifilisika katika miaka ya 1770, wenzake wakayumba, na mwaka 1797 Napoleon akaimaliza Jamhuri ya Venisi yenyewe. Kwaya ya Pietà ilidumu kidogo katika karne iliyofuata, ikizidi kupungua. Taasisi ya Pietà ingali inahudumia watoto mpaka leo. Watalii hupelekwa kwenye kanisa lake la pwani, Riva degli Schiavoni, wakaambiwa Vivaldi alifundisha humo. Kanisa hilo lilianza kujengwa 1745, miaka minne baada ya kufa kwake. Aliyeliona likisimama ni Anna Maria.

Kitabu chake cha nota kimehifadhiwa katika maktaba ya chuo cha muziki cha Benedetto Marcello mjini humo, jina lake likiwa juu ya jalada. Ndani mna sehemu ya fidla yake tu. Sehemu za wenzake zilikuwa katika vitabu vyao, na baadhi ya konseto zilizomo hazipatikani popote pengine, kwa hiyo anayetaka kuzipiga leo hana budi kuwatungia upya wapigaji wote waliokuwa nyuma ya Anna Maria.