Migongo Iliyobeba Vita

Hakuna mwalimu wa Kiswahili asiyelijua jina la Kariakoo. Wengi wetu hulifikiria soko la Dar es Salaam, na mjini Nairobi pia lipo eneo lenye jina la asili hiyo hiyo. Lakini neno lenyewe halikuzaliwa na biashara. Ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Kambi zao zimetuachia jina. Wao wenyewe hawakuachiwa mengi. Katika makala haya tunapenda kueleza kwa nini mpagazi aliyeharibika mgongo katika vita hivyo aliona taabu kubwa kuidai haki yake.

Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa mahali penye reli chache, barabara mbovu, na mbung'o waliowaua punda na ng'ombe. Basi risasi, unga na dawa vilibebwa na watu. Inakadiriwa kwamba Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja. Wabelgiji, waliotoka Kongo wakapita Rwanda na Burundi hata wakaiteka Tabora mwezi wa Septemba 1916, waliwatumia wapatao 260,000. Wengi hawakwenda kwa hiari: katika Kenya ya leo sheria ya mwaka 1915 iliruhusu kuwachukua kwa nguvu. Mzigo ulikuwa wa ratili 50 au zaidi, kichwani au begani, siku baada ya siku, katika mvua na njaa. Waliokufa upande wa Waingereza wanakaribia 100,000 au kupita, wengi wao kwa kuhara damu, kichomi na malaria, si kwa risasi.

Je, wale waliorudi wakiwa wamepinda? Tutazame jinsi madai ya namna hii yanavyopimwa siku hizi. Huko Marekani, askari mstaafu anayedai fidia ya mgongo hutakiwa athibitishe mambo matatu: kwamba anao ugonjwa sasa; kwamba alipatwa na jambo alipokuwa jeshini; na kwamba ugonjwa huu umetokana na jambo lile. Hata yeye, mwenye faili na daktari, huona shida katika hilo la tatu, kwa kuwa mgongo huchakaa polepole na uzee nao hudai sehemu yake.

Sasa tumweke mpagazi wetu mbele ya mizani hiyo. Aliyepigwa risasi anaonyesha kovu. Aliyesagika pingili za uti wa mgongo anaonyesha nini? Kwa jina hakuwa askari, bali mfuasi wa jeshi. Jina lake mara nyingi liliandikwa na karani asiyeijua lugha yake, likapotoka hata mwenyewe asingelitambua. Kwa sababu hiyo, baada ya vita, mishahara ya wengi haikuwafikia wao wala warithi wao. Serikali za makoloni zilipoomba fedha hizo zitumike kwa manufaa ya wenyeji, Hazina ya London ilikataa. Ikiwa mshahara uliokwisha hesabiwa ulipotea hivyo, maumivu yasiyoandikwa popote yangelipwa na nani?

Mnara uliosimamishwa Nairobi mwaka 1928 una sanamu ya mpagazi, na maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Mgongo haukutajwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba Waafrika wengi waliokufa katika utumishi huo hawakuandikwa majina yao mahali popote.

Walimu wenzetu, haki huanzia katika maandishi. Tunapomfundisha mtoto kuandika jina lake sawasawa, pamoja na tarehe na mahali, tusidhani kuwa ni zoezi dogo. Na katika vijiji vyetu wapo wazee waliosimuliwa na baba zao habari za mizigo ile. Tuwatume wanafunzi wakawasikilize, na wayaandike majina.