Mama wa miaka 50 hajaisha

Jina "menopozi" halina miaka mingi. Munganga mumoja Mufaransa, de Gardanne, njo aliliandika mu 1821. Mbele ya pale wamama walikuwa wanaacha kuona mwezi sawa leo, na maisha inaendelea.

Kisha jina, kukaja hukumu. Mwisho wa karne ya 19, Mudachi Emil Kraepelin aliandika juu ya huzuni kali ya watu wenye kuanza kuzeeka. Waganga wengi wakaifunga na menopozi: mama wa miaka 50 akilia, akikosa usingizi, wanasema ni mwili wake njo umeharibika. Mu 1979 Mumarekani Myrna Weissman alilinganisha wanawake wagonjwa wa miaka mbalimbali. Hakuona huzuni ya pekee ya menopozi. Mu 1980 waganga wa akili wa Marekani wakafuta ule ugonjwa ku liste yao.

Mu ile miaka ya 1980, Kristen Hawkes na wenzake walikuwa Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, kwa Wahadza, watu wa kuwinda na kuchimba mizizi. Walihesabu saa za kazi. Wamama wazee, wenye kuacha kuzaa zamani, walikuwa wanatumika saa mingi kupita wasichana. Sisi wa agronomia tunajua kuchimba mu udongo wa mawe na fimbo tu ni kazi gani! Na mama akiwa na mtoto muchanga, yule mtoto mukubwa alikuwa anakomea juu ya chakula ya kambo wake. Toka pale njo kulitoka wazo ya kama menopozi ilisaidia ukoo kuishi. Wataalamu wangine wanaibishia, lakini zile saa zilihesabiwa.

Hawkes alipima kazi, hakupima roho. Na shida ziko za kweli: joto la gafula, usingizi kupotea, kwa wangine huzuni, ile inaomba munganga. Lakini kwetu, mama akibadilika hivyo, wangine wanakimbilia kusema ni mulozi. Kraepelin alikosea na vitabu, sisi tunakosea na midomo.

Kwa mawazo yangu, nguvu ya roho inabaki kwa mama mwenye iko na kazi yenye watu wanaiheshimu, na mutu wa kumusikiliza. Nyumbani kwenu, nani anamuuliza mama namna gani alilala?