Paa la Namirembe: Nani Alibeba?



Ukija Kampala kwa sherehe hizi, uwe umetokea Goma au Kigali, Bujumbura au Mwanza, Nairobi au Juba, naomba utenge asubuhi moja. Panda boda boda mpaka kilima cha Namirembe, ushuke kwenye Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo. Wageni wengi hupiga picha ya kuba na msalaba wake, wakaingia ndani, wakatoka. Wewe usiwe na haraka. Simama nje kwanza, uangalie paa. Utaona vigae vya udongo uliochomwa, safu juu ya safu. Makala hii ni ya paa hilo tu, na ya mapaa yaliyolitangulia.

Najua kuna atakayeuliza: sisi ni Wapentekoste, kanisa kuu la Anglikana linatuhusu nini? Vumilia kidogo, tutafika huko.

Jina Namirembe linatokana na neno la Kiganda mirembe, yaani amani. Lakini mapaa ya kilima hiki hayakuwa na amani. Mwaka 1892 Wakristo wa Buganda walifungua hapa kanisa kubwa la miti, matete na nyasi. Usifikirie kibanda. Lilikuwa jengo la kuingiza watu maelfu, na ndani yake nguzo zilisimama kama msitu, kwa sababu paa la nyasi la ukubwa ule lina uzito wa kutisha na haliwezi kushikwa na kuta za matete. Kila nguzo ilikatwa msituni na kubebwa mabegani. Hakukuwa na lori, hakukuwa na ng'ombe wa kukokota. Mabega tu.

Mwaka 1894 dhoruba ikaja, ikaliangusha lote. Mtu aliyewahi kukaa nyumba ya nyasi anaelewa. Mchwa hula nguzo kutoka chini ambako huoni. Siku upepo ukiingia chini ya paa na kulinyanyua, nguzo haina mzizi wa kulizuia. Watu wakalia, halafu wakarudi msituni. Kanisa lingine la miti na nyasi likasimama mahali pake.

Baadaye wakasema, sasa tujenge kwa matofali. Kazi ilianza mwaka 1901, ikisimamiwa na Borup, mmisionari wa kazi za mikono aliyewafundisha vijana wa Kiganda kufyatua na kuchoma matofali. Askofu Alfred Tucker ameandika alivyoona misururu ya watu ikipandisha udongo na matofali kilimani, wakubwa kwa wadogo. Katikkiro Apolo Kagwa, waziri mkuu wa Buganda, naye alibeba. Wanawake walibeba, tena wengi, na wake za machifu wakiwa kwenye mstari huohuo. Juni 1904 kanisa likawekwa wakfu.

Lakini angalia walichoweka juu. Kuta zilikuwa za matofali, paa likabaki la nyasi. Tusiwacheke. Nyasi zilikuwa karibu na mafundi wa kuezeka walikuwepo, tena hodari. Kuezeka ni sanaa ya heshima Buganda. Ndani kunakuwa baridi, na mvua ikinyesha mhubiri bado anasikika. Sisi wa mabati tunajua tunavyonyamazishwa na mvua! Ila nyasi kavu zina adui mmoja, na eneo hili la Ziwa Viktoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Tarehe 23 Septemba 1910 radi ilipiga paa lile lililokuwa juu kabisa ya kilima. Kanisa likaungua. Miaka sita tu tangu kuwekwa wakfu.

Hapo Kiganda kinanifundisha kitu. Nyasi za kuezekea huitwa essubi. Tumaini huitwa essuubi. Ni kuvuta sauti kidogo tu, neno linabadilika. Mwaka 1910 essubi yote iliungua, lakini essuubi ilibaki, maana watu walianza tena kuchanga. Machifu walitoa katika mapato ya ardhi zao, na wasio na ardhi walitoa walichokuwa nacho. Mchoro ukatoka kwa msanifu Mwingereza, Beresford Pite. Ujenzi ulianza mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, wakati wanaume wengi wa nchi hizi zetu walikuwa wakichukuliwa kuwabebea majeshi mizigo. Mwaka 1919 kanisa likawekwa wakfu. Safari hii juu walitandika vigae vya udongo. Udongo uliokwisha kupita motoni hauogopi moto tena. Paa hilo ndilo unaloliangalia.

Sasa turudi kwa yule aliyeuliza linatuhusu nini.

Kwanza, mwaka 1929, miaka kumi baada ya paa hili, Mganda mmoja aitwaye Simeoni Nsibambi alikutana hapa Namirembe na daktari mmisionari, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda. Wote wawili walikuwa wamechoka kiroho. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba juu ya kazi ya Roho Mtakatifu. Ule uamsho wa Afrika Mashariki uliowapa watu jina la Balokole ulipata nguvu katika urafiki wa namna hiyo. Blasio Kigozi, ndugu yake Nsibambi, alikwenda kutumika Gahini, na moto ukavuka mipaka: Rwanda, Kigezi, Burundi, Kenya, Tanganyika. Ushirika wetu wa kuvuka mipaka haukuanzia hewani. Kuna njia iliyokanyagwa kabla yetu.

Pili, sisi wenyewe tumetoka kwenye nyasi. Mwaka 1977 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku madhehebu mengi, na watu waliomba majumbani kwa sauti ya chini. Nchi ilipofunguka, makanisa ya kilokole yakaota kila mtaa wa Kampala. Kuta zake zilikuwa mikeka ya mafunjo, biwempe, na watu wakatucheka: eti kanisa la biwempe! Anayecheka biwempe aulize Namirembe ya 1892 ilikuwa ya nini. Ilikuwa ya matete.

Kwa hiyo, kama tawi lenu bado liko chini ya turubai, msione haya. Na kama upepo uliwahi kuwachukulia mabati, hamkulaaniwa. Mko kwenye mstari mrefu.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni hili. Ukisoma habari za Namirembe, utapata jina la askofu, jina la msanifu, jina la Katikkiro. Ukifika kwa wale wamama waliopanda kilima na udongo kichwani siku baada ya siku, unapata neno moja: wanawake. Waezekaji nao ni "mafundi". Paa zima limesimama juu ya watu ambao hatuwezi kuwaita kwa jina tukiwashukuru.

Biblia haikuandika hivyo. Soma Nehemia sura ya 3. Watu wengi huiruka wakidhani ni orodha tu. Mle wajenzi wa ukuta wametajwa mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake. Mstari wa 12 unamtaja Shalumu, akijenga pamoja na binti zake. Na mstari wa 5 hauwafichi wakuu wa Watekoa waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Hiyo ndiyo historia ya kanisa inavyopaswa kuandikwa.

Basi naomba kila tawi lifanye kazi moja kabla ya sherehe zijazo. Tafuteni daftari, sio simu tu, maana simu hupotea. Nendeni kwa wazee walioanza nanyi, mkae nao, muulize kuhusu paa la kwanza. Lilikuwa la nini? Nani alikata miti? Nani aliuza mbuzi ili bati zinunuliwe? Nani alilala nje kulinda misumari? Nani alipika uji wa mafundi? Andikeni majina kamili, na jina la kijiji. Ulizeni pia lilivyoanguka, kama lilianguka, na nani alikuwa wa kwanza kurudi asubuhi yake. Msiandike tu nani alikata utepe.

Fanyeni haraka, wapendwa. Wengi wa wazee hao wameshavuka miaka sabini, na wengine tumewazika mwaka huu huu tukisema kwenye mazishi "alikuwa mama wa kanisa", bila hata mmoja wetu kujua alibeba nini.

Mungu anayajua majina yao, hilo halina shaka. Sisi ndio tunaosahau. Ukishuka kutoka Namirembe, kabla hujapanda basi la kurudi kwenu, andika jina moja tu unalolikumbuka. Hapo utakuwa umeanza.