Lakabu ya Skwota Chini ya Mlima Kenya

Neno skwota, ambalo leo hutamkwa katika mabaraza ya Nyeri na Nanyuki kana kwamba lilizaliwa huko huko, asili yake ni kitenzi cha Kiingereza chenye maana ya kuchutama, nacho kilitokana na Kifaransa cha kale, ambamo kilimaanisha kuponda. Mwishoni mwa karne ya 18 Wamarekani walimpa lakabu hiyo mtu aliyekalia ardhi bila hati. Na katika karne iliyofuata, huko Australia, likapanda cheo, kwani wafugaji waliojitwalia malisho ya serikali walitajirika hata likawa jina la kabaila.

Huku kwetu halikupata bahati hiyo. Walowezi, wakiwamo askari waliogawiwa mashamba ya Nanyuki na Laikipia baada ya vita vya 1914–1918, walilitumia, kwa desturi ya Afrika Kusini, kumwita Mwafrika aliyeruhusiwa kulima na kulisha mifugo shambani mwa mzungu kwa sharti la kumtumikia, na sheria ya 1918 ikataka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Basi yule aliyekuja kwa meli, akapewa hati ya miaka 999 kwa sheria ya 1915, ndiye aliyemwita mwenziwe mvamizi! Mifugo ya maskwota ilipopunguzwa kwa nguvu katika miaka ya 1920, wao wenyewe waliuita mkasa huo kifagio. Na kwa hakika sijui jina lililostahiki zaidi.

Kabla ya hapo Wakikuyu walikuwa na muhoi, yaani mwombaji, ambaye ukoo wenye milki ulimpa mahali pa kulima kwa ajili ya urafiki, naye akawaletea pombe na kuwasaidia kazi inapotokea, pasi na mtu kumhesabia siku. Haki yake hiyo ilikuwa ya ulimi na ya mashahidi. Kwa hiyo wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, watu wa Nyeri walipokusanywa vijijini kwa amri na mashamba yao kuunganishwa na kuandikishwa kwa majina ya wenye milki, daftari halikuwa na safu ya muhoi. Wengi waliokosa shamba walibaki katika vijiji vile vile, ambako wajukuu wao wangali wakidai hati za viwanja, na magazeti huwaita maskwota.