Sanamu Zichezazo Majini: Basel na Paris

Kwa karne nyingi sanamu ya mjini, barani Ulaya, ilikuwa kitu cha kusimama: mfalme juu ya farasi, jemadari na upanga wake. Hata katika mabirika ya fahari yenye maji yarukayo, maji ndiyo yaliyocheza, nayo sanamu ikatulia. Jean Tinguely, msanii wa Uswisi aliyezaliwa Fribourg mwaka wa 1925 na kukulia Basel, aliugeuza mpango huo. Kwake yeye sanamu ndizo zenye kufanya kazi.

Birika lake la Basel lilitokana na ubomozi. Mwaka wa 1975 jumba la kale la michezo ya kuigiza lililipuliwa kwa baruti, kwa kuwa jipya lilikuwa limekwisha kujengwa jirani. Tinguely aliokota vipande vya mitambo ya jukwaa lile, akaviunganisha kuwa viumbe kumi vya chuma cheusi, akavisimamisha katika birika lenye kina kifupi, mahali pale pale palipokuwa na jukwaa. Birika lilizinduliwa mwaka wa 1977, likiwa zawadi ya kampuni ya Migros kwa mji. Mitambo inaendeshwa kwa umeme wa nguvu ndogo, hata mtu aingiaye majini hadhuriki. Kiumbe kimoja kinachota maji kwa sepetu na kuyamwaga palepale. Kingine kinateka kwa chekeche, kazi isiyo na mwisho wala faida. Kingine tena kinaitwa, kwa lahaja ya wenyeji, Theaterkopf, yaani kichwa cha jumba la maonyesho. Mtu asiyejua habari ya jumba lililolipuliwa huona mchezo tu, na pengine hucheka. Mwenyeji mzee huwaona waigizaji waliokataa kuhama.

Paris ilipata birika lake mwaka wa 1983, kando ya Kituo cha Pompidou, kwa heshima ya Igor Stravinsky. Chini ya uwanja huo imo IRCAM, taasisi ya utafiti wa muziki iliyoongozwa na Pierre Boulez. Kwa sababu hiyo birika halikuweza kuwa na kina kirefu, wala sanamu kuwa nzito. Tinguely alitaka Niki de Saint Phalle ashirikishwe, na sanamu 16 zikagawanyika: mashine nyeusi za mume, na viumbe vya mke vyenye rangi kali, miongoni mwao ndege wa moto. Ushirikiano huo ndio ulioliokoa birika la Paris lisiwe nakala tu ya lile la Basel.

Hapa pana swali ambalo wasifuo kazi hizi hulipita upesi. Sanamu ya shaba ikiachwa bila kutunzwa huchakaa, lakini hubaki kuwa sanamu. Mashine ya Tinguely ikikwama, kinachobaki birikani ni vyuma tu, kwa maana kazi yenyewe ilikuwa ule mwendo. Na msanii huyu ndiye aliyeunda, mwaka wa 1960, katika bustani ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York, mashine iliyokusudiwa kujiangamiza mbele ya watazamaji. Je, mtu wa namna hiyo angetaka injini zake zibadilishwe kila zinapochoka? Wako wawezao kujibu kwamba kuzitengeneza ni kumsaliti. Jibu hilo lina dosari: mashine ya New York ilikuwa tamasha la usiku mmoja, bali mabirika haya mawili yalitolewa kwa miji, yakae humo.

Mji wa Paris ulichelewa kulitambua jambo hilo. Kabla ya ukarabati, baadhi ya sanamu zilikuwa zimekwama na rangi zimefifia, huku watalii wakiendelea kuzipiga picha kana kwamba hazina upungufu. Kazi ya ukarabati ilifanyika kati ya mwaka wa 2022 na 2023, na mwezi wa Oktoba 2023 maji yakaanza kuruka tena. Tinguely alikuwa amefariki mwaka wa 1991, na Saint Phalle mwaka wa 2002. Mafundi walifanya kazi bila wao.

Basel, kwa upande wake, birika haliachi kazi hata wakati wa baridi kali. Maji huganda juu ya vyuma, barafu ikajijenga tabaka juu ya tabaka, mpaka viumbe vikabadilika maumbo; na wenyeji huja kuvitazama wakiwa wamejifunika makoti.